Fundi Asiyeficha Kazi Yake

Mafundi wengi, kazi ikiisha, huifuta njia waliyopitia. Seremala hupiga msasa hadi alama za randa zipotee. Fundi cherehani huugeuzia mshono ndani. Sifa ya kazi ni mtazamaji ashangae asijue imefanywaje, na kijana anayetaka kujua sharti akae karakana miaka, afagie vumbi, aibe ujuzi kwa macho. Insha hii ni ya kumsifu fundi wa namna nyingine, ambaye kazi yake haijakamilika mpaka awe amekufichulia kila hatua: mbunifu wa vigari vidogo vya matofali ya kuchezea, yale ya kampuni ya LEGO ya Denmark. Kielelezo changu ni seti namba 40252, Volkswagen Beetle ndogo iliyotoka mwaka 2016, yenye vipande 141.

Nimeichagua Beetle kwa kuwa msomaji wa huku hahitaji kutambulishwa. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo baadaye zilijulikana kama Safari Rally, zilimpata mshindi ndani ya Volkswagen mwaka 1954, 1957 na tena 1962. Injini yake ilikaa nyuma, uzito ukakandamiza magurudumu yanayosukuma, na kwenye tope hilo lilikuwa jambo kubwa. Ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo hapakuwa na rejeta ya kuchemka katikati ya pori. Beetle ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Kwa miaka yote hiyo umbo halikubadilika kimsingi, na ndiyo maana ni mtihani mgumu kwa anayeliiga: hakuna asiyeweza kumsahihisha.

Ugumu wenyewe uko kwenye mgongo. Beetle ni gari lenye mgongo wa kobe. Boneti imejikunja, paa limejikunja, madigadi yote manne yamejikunja, na kila mkunjo unaingia katika mwingine bila kona. Sasa mpe mtu vipande vya pembe nne na umwambie atengeneze kitu hicho.

Vipande hivyo vina hesabu kali. Kutoka katikati ya kinundu kimoja cha juu hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6. Kipande bapa, ambacho ni theluthi ya tofali, kina milimita 3.2. Mbunifu haruhusiwi kukata, kupasha moto, kupiga tupa wala kutia gundi. Tena kampuni huwakataza wabunifu wake kuunganisha vipande kwa namna inayovikunja au kuvitesa, hata kama macho yangefurahi. Tuseme ameamua gari liwe na upana wa vinundu sita, yaani milimita 48. Beetle halisi ina upana wa takriban mita 1.54, kwa hiyo kila milimita ya mchezo inasimama badala ya milimita 32 za gari la kweli. Kipande bapa, chembamba kuliko vyote alivyo navyo vya kupandanisha, kinageuka kuwa unene wa sentimita 10. Fundi bodi wa gereji angesemaje ukimwambia anyooshe bodi ya gari kwa kupandisha na kushusha sentimita kumi kumi?

Ole Kirk Christiansen, aliyeianzisha kazi hii, hakuwa na tatizo hilo. Alikuwa seremala katika mji mdogo wa Billund, na mwaka 1932 alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Gari la mbao likitaka mkunjo, seremala huchukua randa. Mwaka 1949 kiwanda chake kilianza kutoa matofali ya plastiki, yaliyofuata mfano wa yale ya Mwingereza Hilary Fisher Page, lakini yalikuwa hayashikani vizuri. Jengo likiinuliwa, linamwagika. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliwasilisha ombi la hataza ya suluhisho: mirija ndani ya tumbo la tofali, inayobana vinundu vya tofali la chini. Tangu siku hiyo matofali yanashikana kwa nguvu inayotosha kubeba mchezo na kuachana kwa nguvu iliyo ndani ya uwezo wa vidole vya mtoto. Tofali la mwaka huo bado linakubaliana na lililotoka kiwandani leo.

Hata hivyo magari hayakujengwa mara moja. Katika miji ya kuchezea ya LEGO ya miaka hiyo, nyumba zilijengwa kwa matofali, lakini vigari vya barabarani, Volkswagen ikiwamo, vililetwa vikiwa tayari, kimoja kimoja, katika ukubwa wa 1 kwa 87. Gurudumu la kuunganisha na matofali lilitoka mwaka 1962. Ndipo gari nalo likawa jambo la kujengwa, na Beetle iliyokuwa imeingia Billund nzima nzima ikaanza kungoja fundi wa kuivunja vipande. Ilingoja sana. Matofali ya mwanzo yalikuwa ya kuta, na gari la kuta ni gari la sanduku.

Kilichobadilisha mambo ni mbunifu kujifunza kujenga kwa ubavu. Rudi kwenye hesabu: vipande bapa vitano vikipandana vinatoa milimita 16, na milimita 16 ni sawasawa na vinundu viwili. Kwa hiyo ukilaza sehemu ya gari ubavuni, vipimo vyake vinarudi kukutana na vya sehemu iliyosimama, bila pengo. Yako matofali madogo yenye kinundu ubavuni badala ya juu tu. Moja maarufu, lililokusudiwa kubeba taa za mbele za vigari, kinundu chake kimezama kidogo ndani, ili kitakachobandikwa pale kisitokeze nje ya ukuta. Kwa ujanja huo mbunifu anaweza kuugeuza mteremko ulioundwa kushuka ukaenda kando, akavivika vinundu vyote ngozi laini, na shavu la gari likatokea mahali palipokuwa na ngazi. Mkunjo wa Beetle unapatikana kwa vipande vinavyotazama juu, mbele na pembeni vikikutana katikati, na hakuna hata kimoja kilichopindwa.

Ustadi wa pili ni wa kukosea kwa makusudi. Kipande kidogo kabisa cha duara kina kipenyo cha milimita 8 hivi. Katika kipimo chetu cha 1 kwa 32 hicho kingekuwa taa ya sentimita 25, wakati taa ya Beetle halisi ilikuwa kama sentimita 18. Mtu wa rula atasema taa zimezidi. Mtu wa macho ataona sura ya Beetle imekuja, kwa sababu tunapolikumbuka gari lile tunakumbuka macho yake mawili ya mviringo juu ya madigadi, na kumbukumbu nayo huyakuza. Mbunifu anajua nini kikuzwe na nini kiachwe. Utepe mwembamba wa fedha ubavuni hauna kipande kinachoutosha, basi unaachwa. Kitasa cha mlango kinaachwa. Umbo la paa haliguswi, maana ukikosea hapo umetengeneza gari lingine.

Mwaka uleule wa 2016 kampuni ilitoa pia Beetle kubwa, seti namba 10252, yenye vipande 1,167 na urefu wa sentimita 29. Boneti yake inafunguka uone tairi la akiba, nyuma kuna injini, paa linanyanyuliwa, ndani kuna viti. Ni kazi ya kuheshimika, na wengi wataipenda zaidi. Mimi naipa ndogo nafasi ya juu. Vipande elfu na ushei vinamsamehe mbunifu: akikosea hapa, anafunika pale. Vipande 141 havisamehe. Kila kimoja kinabeba kazi mbili au tatu, kinashika jirani yake, kinatoa rangi, na kinachora mstari ambao jicho linaufuata. Kiondoe kimoja uone kama hakuna kitakachopungua. Nimezoea kuzipima hivyo seti zote ndogo, na nyingi zinaanguka, kwa kuwa zina vipande vilivyotiwa kujaza tu.

Nilisema fundi huyu hafichi. Fungua kijitabu cha maelekezo. Hakina sentensi ya maelezo. Ni picha kwa mpangilio, mtoto wa Dodoma na wa Kopenhagen wakisoma kitu kimoja. Kila ukurasa unaonyesha vipande vinavyohitajika na mahali pa kuvikaza. Kupanga ukurasa huo ni ufundi juu ya ufundi. Hatua sharti zifuatane ili kidole kipate pa kukandamiza, ili kisichoshikwa na kitu kisianguke kabla ya kushikwa, na ili ule ugeuzi wa ubavuni, ambao ndio siri ya gari zima, umjie mjenzi kama jambo la kawaida. Katika seti nyingi vipande vya ndani, ambavyo havitaonekana tena, hupewa rangi kali zisizofanana na bodi, ili mjenzi asipotee. Wakati ufundi mwingine unapamba uso na kuuacha uti wa mgongo gizani, huu unaupaka uti wa mgongo rangi nyekundu na manjano ili mwanafunzi auone vizuri kabla haujafunikwa.

Hapa nasikia pingamizi, na lina uzito. Mtoto wa Tabora au Kisumu aliyetengeneza gari kwa waya na soli ya ndala hakupewa kijitabu. Aliutafuta waya mwenyewe, akaupinda ukakataa, akaupinda tena, na gari likatoka na sura ya mkono wake. Anayefuata picha za LEGO ametatuliwa kila fumbo. Ni ufundi gani huo?

Ufundi wa mtoto wa waya ni wa kweli, na siko tayari kuupunguza ili kuupandisha mwingine. Lakini pingamizi hilo linamwangalia mjenzi katika siku yake ya kwanza tu. Kufuata kijitabu ni kusoma, na hakuna mwandishi ambaye hakuanza kwa kusoma. Anayejenga Beetle hii kwa utaratibu anatoka amejua jinsi ya kugeuza ukuta ubavuni, jinsi vipande vitano bapa vinavyokutana na vinundu viwili, na jinsi ya kudanganya jicho kwa duara moja. Kisha anaibomoa, na hakuna kilichopotea. Mbao iliyochongwa vibaya ni kuni. Tofali lililowekwa vibaya ni tofali. Wanahisabati wamepiga hesabu kwamba matofali sita tu yenye vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Fikiria basi vipande 141 vya maumbo mbalimbali mikononi mwa mtu aliyekwisha kufunuliwa mbinu.

Kasoro zipo. Vitu hivi ni ghali, na kwa mzazi wa huku aghalabu vinakuja kwa mkono wa ndugu aliye ughaibuni au katika duka la jiji kwa bei ya kumfikirisha. Vigari vya namna hii vikishaondoka madukani, bei yake kwa wakusanyaji hupanda, na vingi huishia kabatini ndani ya boksi lisilofunguliwa. Huko ni kuununua ufundi na kuukatalia kusema. Tena gari hili si la kusukumwa kwa fujo sebuleni. Mtoto mdogo sana atatawanya vipande, na vingine vina ukubwa wa kumezwa.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Mbunifu wa Beetle hii ameufanya mchezo kuwa kazi njema, na ukarimu wake unazidi hata wa boksi: kampuni huweka vijitabu vyake mtandaoni bure, na hataza ya 1958 ilikwisha muda zamani, kwa hiyo viwanda vingine navyo hutoa matofali yanayoshikana na haya. Mwenye ndoo ya matofali mchanganyiko na simu anaweza kuyafuata mafunzo haya, hata kama gari lake litatoka na boneti ya kijani na mlango mweusi. Kwa mzazi au mwalimu anayeniuliza kama seti ndogo kama hii inafaa, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Mwache mtoto aijenge kwa kijitabu hadi mwisho, mwambie aibomoe yote, halafu kijitabu kitie kabatini, umwagize daladala.