Utulivu wa Kifundo

Wapiga kafi wa mto Kongo husimama. Aliye ufukweni upande wa Simi-Simi, magharibi ya Kisangani, huwaona wakipandisha mitumbwi kinyume cha mkondo: mguu mmoja mbele, kafi refu mikononi, mgongo ukiinama na kunyooka. Mgeni hutazama mikono tu. Lakini nguvu inatoka nyayoni, inapanda kwenye nyonga, inapita mgongoni na begani, na kifundo cha mkono kinaipokea na kuipitisha. Mwenye kutaka kuyasukuma maji kwa kifundo hatafika mjini kabla ya giza, na kesho yake hatashika kafi.

Ninasifu hapa ufundi wa aina hiyo hiyo, uliomo katika mchezo ambao watu wengi wa mtoni hawajawahi kuucheza: kupiga mpira wa tenisi kwa kifundo kilichotulia.

Simi-Simi iliwahi kuona michezo ya kigeni kwa karibu. Tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miamvuli wa Ubelgiji walipoishukia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, walitua kwenye uwanja wa gofu uliokuwa kando ya njia ya ndege ya hapo Simi-Simi. Nyasi zile zilikuwa zimetunzwa kwa ajili ya Wazungu wa mji, na tenisi nayo ndivyo ilivyokuwa katika koloni: kijana Mwafrika aliyeingia uwanjani aghalabu aliingia kuokota mipira. Baba hakupata cha kumrithisha mwanawe. Basi kijana wa leo anayetamani raketi hujifunza kwanza kwa macho, kwenye simu, akiwatazama mabingwa. Na katika tenisi macho hudanganya vibaya sana.

Tazama pigo la upande wa kiganja, lile ambalo kila mwanagenzi huanza nalo. Picha ikipunguzwa mwendo, utaona kifundo cha bingwa kimepinda nyuma kabisa, halafu ghafla raketi inachomoka mbele. Mtazamaji anahitimisha kwamba bingwa amechapa kwa kifundo. Anatoka nje, anachapa kwa kifundo, mpira unaruka uzio, na baada ya siku chache upande wa kidole kidogo unamuuma hata anapokamua nguo.

Kilichotendeka kwenye ile picha ni kingine. Bingwa aligeuza mabega, mkono wake ukiwa umelegea. Nyonga zilipoanza kuurudia wavu, mkono ulivutwa, na raketi, kwa uzito wake wenyewe, ikabaki nyuma. Kubaki huko ndiko kulikokipinda kifundo, yeye hakukipinda. Kisha bega na kigasha vikajizungusha, raketi ikapita, ikapanda, ikamalizia upande wa pili wa mwili. Ule tunaouona kuwa mchapo wa kifundo, kwa sehemu kubwa ni mzunguko wa bega, na wa ile mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Ufundi huu umefichwa mahali ambapo mwanafunzi hatazami: kiunoni, begani, miguuni. Mimi huona huo ndio uzuri wake mkubwa, na ndiyo maana ninamheshimu kocha wa wanaoanza kuliko kocha wa mabingwa. Bingwa hukumbushwa tu. Anayeanza inabidi ashawishiwe aache kuyaamini macho yake.

Kuna sababu nyingine ya kukiacha kifundo kitulie. Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa muda wa sekunde 0.005 hivi. Ubongo wa mwanadamu, hata uwe mwepesi namna gani, huhitaji zaidi ya sekunde 0.1 kupokea habari na kuujibu mkono. Kwa hiyo wakati mpira unagusa nyuzi hakuna tena la kuamua. Kifundo kiko kama kilivyotayarishwa, na anayekipindua dakika ile ile amechelewa, anapindua raketi ambayo mpira umeshaiacha.

Tena kifundo ni kiungo chenye mambo mengi mahali padogo. Kuna mifupa midogo minane, imepangwa safu mbili, na kano zinazopita juu yake kutoka kwenye misuli ya kigasha kwenda vidoleni. Misuli yenyewe haiko pale. Pale pana nyuzi za kuvuta tu, na nyuzi zikivutwa ovyo mara mia mbili kwa asubuhi moja huvimba. Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59.4, ni mwepesi mkononi. Lakini ukiigonga raketi nje ya katikati ya nyuzi, unaipindua, na kifundo ndicho kinachozuia mpinduko huo. Anayeanza hugonga nje ya katikati mara nyingi. Si kosa lake, ndivyo kuanza kulivyo. Dawa yake ni mshiko usiokaba, mpira kukutwa mbele ya mwili, na kifundo kilichokwisha lala nyuma kidogo kabla mkono haujaenda mbele.

Kuhusu kukaba, Kisangani ina shida yake. Mji uko karibu sana na ikweta, mvua hunyesha mwaka mzima, na jasho halikauki. Mpini ukiteleza, mkono hujibu kwa kukaza. Vidole vikikaza, kigasha chote kinakaza. Kigasha kikikaza, raketi haiwezi tena kubaki nyuma kwa uzito wake, na kijana analazimika kuisukuma kwa kifundo. Mpira ulionyonya maji nao ni mzito, unamwita apige kwa nguvu zaidi. Kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye mpini kinaokoa kano nyingi kuliko maneno ya kocha. Ninalisema hili kwa uzito wote: anayefundisha watoto katika joto letu aanzie kwenye kitambaa.

Mahali panapouma napo hueleza jambo. Uchunguzi wa wachezaji wa kawaida umeonyesha kwamba walioshika raketi kwa kukizungusha kiganja chini ya mpini, mshiko uitwao wa magharibi, huumia zaidi upande wa kidole kidogo. Wenye mshiko wa mashariki, kiganja kikiwa nyuma ya mpini, huumia zaidi upande wa kidole gumba. Watoto huupenda ule wa kwanza kwa sababu mpira huwadundia juu, hadi mabegani. Afadhali kuushusha mpira kuliko kuugeuza mkono. Mipira myekundu ya watoto huenda pole kwa asilimia 75 kuliko ya kawaida na haidundi juu. Mtoto akipewa hiyo na raketi fupi, mkono wake hauhitaji ujanja.

Pigo la mikono miwili lina hatari isiyotarajiwa: unaoumia mara nyingi ni mkono wa pili, ule wa juu kwenye mpini. Juan Martín del Potro wa Argentina, aliyemshinda Roger Federer katika fainali ya US Open ya 2009, alitumia mkono wa kulia, na kifundo cha kulia kilipasuliwa mwaka 2010. Kilichokaribia kummaliza baadaye ni cha kushoto, kilichopasuliwa zaidi ya mara moja katika 2014 na 2015. Alirudi akiukata mpira kwa mkono mmoja ili kukihurumia, akapata medali ya fedha Rio 2016. Dominic Thiem wa Austria, bingwa wa US Open ya 2020, aliumia kifundo cha kulia Juni 2021. Pigo lake halikurudi kamwe kama lilivyokuwa, na akastaafu Oktoba 2024. Hawa walikuwa na makocha na madaktari wa kila namna.

Sisi tuna hadithi iliyo karibu zaidi. Mwaka 2022, kwenye fainali ya wasichana wawili-wawili ya vijana huko Wimbledon, Angella Okutoyi wa Nairobi na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, na upande wa pili wa wavu alisimama Mboko, mtoto wa wazazi waliohama Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alifika fainali ya mashindano makubwa ya Kanada, mjini Montréal. Katika nusu fainali dhidi ya Elena Rybakina alianguka na kuukinga mwili kwa mkono, kifundo kikaumia. Hapo mbinu haikuwa na lawama, ni kuanguka tu. Alipimwa, akacheza fainali kikiwa kimefungwa bendeji, akapoteza seti ya kwanza 2-6 mbele ya Naomi Osaka, kisha akashinda 6-4, 6-1.

Mashindano ya Cincinnati yalikuwa yakianza siku zile zile. Alijiondoa ili kifundo kipumzike, akarudi uwanjani kwenye US Open mwishoni mwa mwezi. Kijana wa Simi-Simi anayeamka na uchungu upande wa kidole kidogo hana fainali inayomngoja. Anaweza kuiweka raketi chini mpaka akamue nguo bila kuumia, na siku akirudi aanze na mpira mwekundu, hatua tatu kutoka wavuni, miguu ikifanya kazi.