Nani anafundisha mwili? Maneno juu ya Studios Kabako na wazee wa Ballet National



Hapa Kisangani, ukiuliza mutu habari ya Studios Kabako, atakujibu kwa jina moja: Faustin Linyekula. Ukiuliza tena, atakupeleka Ulaya: Avignon, Lisbonne, zawadi kubwa ya Prince Claus ya 2007. Yote ni kweli. Lakini jibu kama lile ni sawa na kusifu shamba kwa kutaja jina la mwenye shamba tu. Sisi tuliosoma agronomia tulifundishwa kuuliza mambo mengine: nani anapanda, nani anapalilia, nani anachunga mbegu ya mwaka kesho? Leo ninaleta maswali hayo kwenye kituo cha dansi.

Tukumbushane kwanza. Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakomalia hapa Kisangani. Miaka ya 1990 alienda Nairobi, na kule mwaka 1997 yeye pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda kundi la Gaara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alirudi akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, na mwaka 2006 akaileta kazi yake huku. Angalieni mji aliourudia. Mwezi wa sita 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana hapa siku sita, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za batu. Miaka sita nyuma ya pale, mutu anakuja kusema: tufanye dansi, tiyatre, muziki, filme. Wengi waliona ni mchezo wa mwenye kushiba.

Mimi naona swali lenye uzito si kama dansi ilikuwa na maana baada ya vita. Swali ni: kazi ile inasimama juu ya mabega ya nani, na mabega yale yakichoka, kutabaki nini?

Dansi haina ghala. Mahindi unaweza kukausha, ukaweka ndani ya debe, msimu ukifika ukapanda. Muhogo hauko vile. Muhogo tunaupanda kwa miti yake, na miti ile ukiikata ukaiacha pale, baada ya majuma machache imekauka, haioti tena. Njo maana kijiji kinachotaka kuhifadhi aina yake ya muhogo hakina njia ingine ila kuipanda kila mwaka. Ukiruka msimu mmoja, miwili, aina ile imepotea, hata kama wazee wangali wanakumbuka jina lake na utamu wake. Dansi ni muhogo. Video inaonyesha namna mguu ulienda, haionyeshi uzito wa mwili uliwekwa wapi wala pumzi ilishikwa wakati gani. Ile inatoka kwa mwili inaingia kwa mwili, na katikati ya miili miwili kuko mutu mmoja ambaye hatumutaje: mwalimu.

Kipande kinachonipa sababu ya kuandika haya ni Histoire(s) du Théâtre II, ambacho Linyekula alikitengeneza mwaka 2019 kwa NTGent ya Ubelgiji, ndani ya mfululizo ulioanzishwa na Milo Rau. Jukwaani anawaweka Papy Maurice Mbwiti na Mbelgiji Oscar Van Rompay. Lakini roho ya kipande ni wazee watatu wa Ballet National du Zaïre: mama Wawina Lifeteke, mama Marie-Jeanne Ndjoku Masula na papa Ikondongo Mukoko. Ballet ile iliundwa na utawala wa Mobutu mwaka 1974, mwaka uleule Linyekula alizaliwa, mwaka uleule Ali na Foreman walipigana Kinshasa. Serikali ilitaka nchi moja yenye mwili moja, ikakusanya wachezaji kutoka majimbo, kila mmoja na ngoma za kwao, na onyesho lao kubwa likawa hadithi ya Lianja, shujaa wa Wamongo.

Uzuri wa kipande hiki ni kwamba hakicheki wazee na hakiwatukuzi. Kingeweza kusema: angalieni, hawa walikuwa vyombo vya propaganda. Na ni kweli, ballet ile ilikuwa chombo. Kingeweza pia kulia juu ya Zaire ya zamani, sawa vile bakubwa wetu wanapenda kulia wakikunywa. Hakifanyi ile wala hii. Kinawaacha waongee, wacheze, na mwenye kutazama anaelewa kitu ambacho hakuna kitabu cha historia kimeandika: serikali iliyowaajiri ilianguka, jina la nchi likageuka, feza ikageuka mara kadhaa, lakini kazi yao ingali ndani ya magoti yao na ndani ya sauti yao. Walikuwa watumishi wa serikali. Kumbe hazina ya serikali haikuwa biro. Ilikuwa wao.

Sasa ukosoaji wangu. Kipande kinawafanya wazee wale mashahidi. Shahidi anasimama, anasema aliyoyaona, watu wanapiga makofi, anarudi nyumbani. Mwalimu hayuko vile. Mwalimu anarudi kesho, na kesho kutwa, mbele ya mtoto yuleyule mwenye kukosea mguu uleule. Wasikilizaji wa Ulaya walipata ushuhuda, na ni sawa, wao njo walilipa. Lakini mtoto wa Tshopo au wa Kabondo hahitaji ushuhuda, anahitaji somo. Njo pale naona kazi kubwa ya dansi ya kisasa ya kwetu bado haijatimia. Imeonyesha dunia kwamba tuko na hazina; bado kupanga vizuri nani atairisisha nani, saa ngapi, kwa mshahara gani. Simlaumu Linyekula peke yake. Mutu mmoja hawezi kuwa wizara. Kama Ballet National ilikuwa ya taifa, basi kuwaweka wazee wake mbele ya wanafunzi ilikuwa deni ya taifa.

Mtu ataniuliza: ndani ya kazi za Kabako, mwalimu anaonekana wapi? Anaonekana, ukitazama vizuri. Chukua more more more… future, ya mwaka 2009. Gitaa ni ya Flamme Kapaya, ambaye kila mpenzi wa muziki wa kwetu anamjua tangu alipopiga kwa Werrason. Maneno yanatoka kwa Antoine Vumilia Muhindo, aliyeyaandika akiwa gerezani. Kipande kinachukua ndombolo, muziki uliotufundisha sote kucheza, kinaondoa ile tabia ya kutaja majina ya bakubwa wenye feza, kinabakiza sebene na hasira. Pale kuko fundisho: ndombolo njo mwalimu wetu wa kwanza, hatuwezi kumkana, lakini tunaweza kumuuliza alikuwa anaimbia nani. Kituo cha dansi chenye akili kinafanya vile na kila mtoto anayeingia. Hakimwambii “sahau ulichojifunza kwa barabara na kwa matanga.” Kinamuuliza: unaijua, sasa unataka kuitumia kusema nini?

Nirudi kwa muhogo, maana kuko upande mubaya. Ugonjwa wa mosaïque unatembea na miti ya kupanda. Ukichukua miti kwa shamba lenye ugonjwa, unapeleka ugonjwa kwa shamba jipya, hata kama udongo wako ni muzuri na mvua imenyesha vizuri. Walimu ni vile. Mwalimu aliyefundishwa kwa matusi atafundisha kwa matusi. Aliyezoea kuona wasichana kama mapambo ya nyuma ya mwimbaji atawapanga vilevile. Na dansi inafundishwa kwa kugusa: mkono juu ya bega, mkono juu ya kiuno. Mzazi akikataa binti yake asiende kwenye kituo, tusikimbilie kusema “ni mshamba.” Labda anauliza swali la akili: nani yuko mule ndani, na nani anamchunga yule aliye mule ndani? Kituo chenye mwanamke mwenye madaraka kati ya walimu, chenye mlango wazi, chenye sheria inayojulikana juu ya kugusa, kimeshajibu nusu ya swali. Kuchagua walimu ni kuchagua miti ya kupanda. Yule fundi mkubwa wa jukwaani anaweza kuwa mti wenye ugonjwa.

Sasa vukeni mto pamoja na mimi, mwende Lubunga. Ile komini peke yake iko ng'ambo ya kushoto, kwa kufika unapanda baki ao mtumbwi. Mwaka 2014 fondation CurryStone ya Marekani ilipatia Studios Kabako zawadi yake juu ya kazi yake ya Kisangani, zaidi ile ya Lubunga. Ile zawadi ni ya watu wa ubunifu wa ujenzi, si ya dansi. Muhandisi wa majengo Bärbel Müller wa Austria alifikiri pamoja na Linyekula namna ya kugawanya kazi mahali mbalimbali ndani ya mji, kama sindano ndogo ndogo juu ya mwili, pasipo kujenga jumba moja kubwa katikati. Wazo lile ni muzuri sana, na ningelitetea mbele ya yeyote. Lakini sindano inataka mkono. Kila mahali unapoongeza, unaongeza hitaji la mwalimu, la sentinele, la mutu wa kufungua mlango asubuhi. Ukuta haufundishi.

Na Lubunga si komini ya lelemama. Tangu 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Mbole na Lengola uliua batu, ukachoma nyumba, ukafukuza maelfu. Mimi nasoma ardhi kwa hekta na kwa mipaka, lakini najua hekta hazipatanishi watoto. Fikirini mwalimu wa dansi anayeingia darasani pale. Zoezi moja la dansi ya kisasa ni kumpa mwenzako uzito wako, kuanguka ukiamini atakushika. Kwa Bruxelles ile ni mazoezi ya mwili. Kwa Lubunga, kati ya watoto wawili ambao baba zao walikimbizana kwa mapanga, ile ni mambo ingine kabisa. Mwalimu wa pale anahitaji kujua dansi, kujua lugha, kujua nani alipoteza nani. Yule si “animateur” wa kulipa transport na biskuti. Yule ni mutaalamu.

Kuko na wengine ambao hata walimu wanawasahau. Katika Studios Kabako, Virginie Dupray amebeba miaka mingi kazi ya usimamizi na ya kupeleka vipande duniani. Bila kazi ya namna ile hakuna tiketi, hakuna viza, hakuna mshahara. Katika kila kituo kuko mutu wa sauti na mwanga, kuko mwenye kuhesabu feza, kuko mwenye kufagia sakafu ambayo wengine watalala juu yake miguu uchi. Sakafu ikiwa na kokoto moja, darasa limekufa. Lakini mradi ukiandikwa, wafadhili wanapenda kulipa festival na picha. Mshahara wa mwaka mzima unaitwa “gharama za kuendesha,” na njo mustari wa kwanza kukatwa. Balisansie wa kilimo tunajua ugonjwa ule: mradi unaleta trakta, haulipi moniteur, baada ya miaka miwili trakta ni nyumba ya kuku.

Je, kuna mahali waliopata dawa? Angalieni Senegal. Dakar kulikuwa na Mudra Afrique, shule iliyoanzishwa na Maurice Béjart na rais Senghor, na Germaine Acogny aliiongoza kuanzia 1977 hadi 1982. Ilitegemea wakubwa wawili, Senghor akatoka kwenye urais mwisho wa 1980, na shule haikudumu. Lakini mwalimu hakufungwa pamoja na mlango. Mwaka 1998 Acogny pamoja na mume wake Helmut Vogt walianzisha École des Sables kule Toubab Dialaw, mahali ambapo moja ya vyumba vya mazoezi ina sakafu ya mchanga. Na mwaka 2020 uongozi wa sanaa ulipewa Alesandra Seutin na Wesley Ruzibiza, mtoto wa Rwanda. Mama angali hai, anaonekana, na funguo ziko kwa wengine. Si kila kitu kule ni kamilifu, lakini walipanda miti ya muhogo kabla shina la zamani halijakauka. Hiki njo kipimo ningependa tutumie kwa kila kituo cha kwetu: mwanzilishi akilala na malaria mwezi mzima, darasa la kesho linafundishwa na nani?

Najua mtasema: sisi wenyewe tuko na lisansi na hatuna kazi, utatuambia habari ya walimu wa dansi? Ndiyo, juu shida ni moja. Nchi hii inapenda bingwa na haipendi kazi ya kila siku. Inapiga picha na muhitimu siku ya toge, halafu haina nafasi ya moniteur kijijini. Inapiga makofi kwa mchezaji wa Avignon, halafu inamuuliza mwalimu wa Lubunga kama hana kazi ya kweli. Anayeona kwamba mwalimu wa dansi anastahili mkataba ataona pia kwamba moniteur wa kilimo anastahili mkataba.

Basi, siku ingine mkienda kutazama onyesho, ao mkiandika juu yake, msimalizie kwa jina la koregrafe. Ulizeni nani aliwafundisha wachezaji wale, nani alifungua chumba asubuhi, na kama analipwa. Ukosoaji wa sanaa unaanzia pale. Kama jibu ni kimya, basi onyesho lile, hata likiwa zuri namna gani, tumekula miti ya kupanda.