Swali la Muthoni Lilienda Wapi?

Wengi wetu tulisoma The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1965) tukihesabu pande mbili tu: Kameno na Makuyu, mila na msalaba. Lakini Muthoni anakataa hesabu hiyo. Ni binti wa Joshua, mhubiri mkali, na anataka kutahiriwa bila kumwacha Yesu. Kwake, kuokoka si kuhama kabila.

Wamisheni walidai kinyume. Mwaka 1929, misheni ya Waskoti iliwataka waumini Wagĩkũyũ waweke kirore, alama ya kidole gumba, kuonyesha wamekana tohara ya wanawake. Imani ikawa karatasi ya kutia sahihi.

Hapo ndipo Ngũgĩ ananikera. Kidonda kinamuua Muthoni mapema, na sibishi: kisu kile kiliua, bado kinaua. Lakini swali lake linarithiwa na Waiyaki, mwanamume, naye analigeuza kuwa la shule na uongozi. Hata Nyambura, dadake, anapomwasi baba yao, ni kwa ajili ya Waiyaki.

Riwaya inajua vizuri kwamba vita hivi vilipiganiwa kwenye miili ya wasichana. Basi mbona kauli ya mwisho isiwe yao?