Karani wa Masijala Aliyeandika Katuni

Baba yangu alikuwa karani wa masijala kwenye hospitali moja ya mkoa. Kazi hiyo unaijua hata kama hujawahi kuifanya. Mgonjwa anafika dirishani, anataja jina, karani anapotelea kwenye mashelfu, anarudi na faili. Siku nyingine anarudi mikono mitupu na maneno yale yale: "Njoo kesho." Jioni tukimwuliza baba kazini kulikuwaje, alijibu "Kazi tu," akaomba maji ya kuoga. Alifariki 2016. Mimi ndiye mwandishi wa habari kwenye familia. Nimehoji mawaziri, nimehoji wacheza mpira, na yeye sikuwahi kumhoji hata dakika kumi.

Naliweka hilo mbele, msomaji, ili ujue kwamba anayemsoma Harvey Pekar hapa ana deni lake mwenyewe.

Pekar alizaliwa 1939 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Poland, na baba yake alikuwa na duka la vyakula. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 mpaka alipostaafu 2001, Pekar alikuwa karani wa mafaili kwenye hospitali ya serikali ya wanajeshi wastaafu. Cheo kile kile cha baba. Na mwaka 1976, kwa pesa zake mwenyewe, akaanza kuchapisha kitabu cha katuni alichokiita American Splendor. Tuseme ni "Fahari ya Marekani". Ukifungua ndani, fahari yenyewe ni foleni ya dukani, gari bovu, maongezi ya kazini na upweke wa mwisho wa wiki.

Ili uone ujasiri wa jambo hilo, kumbuka katuni za Marekani zilikuwa zimeshikwa na nani. Upande mmoja kina Superman na Batman. Upande mwingine vijana wa vichochoroni waliochora bangi, ngono na matusi ili kuwaudhi wazazi wao. Pekar alitazama pande zote mbili akajiuliza kwa nini katuni isiseme kile ambacho riwaya na sinema zinasema. Maneno unaweza kutumia yoyote, picha unaweza kutumia zozote. Sasa nani kasema lazima mtu aruke angani?

Kulikuwa na tatizo moja dogo: Pekar hakujua kuchora.

Alichoweza ni vijiti. Anagawa karatasi kwenye vyumba, anaweka kichwa cha duara na mistari ya mikono na miguu, juu yake anaandika maneno, pembeni maelekezo. Halafu anampa mchoraji. Bahati yake ni kwamba mwaka 1962 alikutana na kijana aliyekuwa anachora kadi za salamu kwenye kampuni moja pale Cleveland, Robert Crumb. Kilichowaunganisha ni santuri za zamani. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa santuri. Miaka ilipopita Crumb akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni Marekani, na aliposomewa hadithi za Pekar za vijiti, akakubali kuzichora. Wengine wakafuata: Gary Dumm, Greg Budgett, Frank Stack, hata Joe Sacco.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema basi ukubwa ni wa Crumb. Mimi nabisha, na ushahidi wangu ni hadithi ya Pekar kuhusu jina lake. Humo mwanamume amesimama anatutazama, anaongea. Picha inayofuata amesimama vile vile. Inayofuata vile vile. Anasimulia jinsi alivyofungua kitabu cha simu akakuta kuna Harvey Pekar mwingine mjini, jina ambalo alidhani ni lake peke yake duniani. Baadaye anamwona wa pili. Halafu anasoma kwamba wamefariki, mmoja akimfuata mwenzake, na anashangaa kwamba anawalilia watu asiowajua. Kisha miaka inapita, jina linatokea tena kwenye kitabu cha simu.

Hakuna tukio lingine. Kinachoisukuma hadithi ni vyumba ambavyo mtu hasemi kitu. Katikati ya maneno, Pekar anaweka picha ya kimya, mtu anatutazama tu, na wewe msomaji unalazimika kusimama naye. Kimya hicho hakikuletwa na mchoraji. Ni uandishi. Kwa kazi yangu ya kila siku, ningekuwa mhariri wake ningezifuta zile picha kwa kisingizio cha nafasi, na ningeiua hadithi.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tutajiona. Pekar alikuwa mtu wa jazz. Hapa kwetu neno hilo tulilibandika kwenye majina ya bendi za dansi, Morogoro Jazz, Western Jazz, kwa hiyo tusichanganye. Ya Pekar ni ile ya Wamarekani weusi, na aliijua kwelikweli. Toka ujana wake alikuwa anaandika uhakiki wa jazz kwenye majarida kama DownBeat, na aliendelea hivyo karibu maisha yake yote. Mshahara wa karani ulikuwa unaishia kwenye santuri. Anatafuta, ananunua, anapanga, anatafuta tena.

Kwenye hadithi moja iliyotoka 1979, Crumb akiwa mchoraji, Pekar anaeleza alivyoacha kukusanya santuri na kutumia pesa aliyookoa kutolea kitabu chake cha katuni. Naiona hiyo ndiyo hadithi yake muhimu kuliko zote, kwa sababu anajibu swali ambalo mashabiki hatupendi kuulizwa: unapenda sana, haya, umefanya nini? Anajichora bila huruma, mtu mzima anayewaza santuri mchana na usiku kama mlevi anavyowaza chupa. Lakini hasemi kwamba muziki ulikuwa upotevu. Miaka ile ya kusikiliza ndiyo iliyompa sikio, na sikio hilo unaliona kwenye mazungumzo anayoyaandika. Bibi wa Kiyahudi anayebishana bei mbele ya foleni ya dukani ana mdundo wake. Mzee mweusi wa kazini anayetoa hekima asubuhi na mapema ana mdundo mwingine. Pekar aliwasikiliza watu kama alivyosikiliza santuri, na hapo uraibu ukageuka kazi.

Mimi nina kabati la DVD, nina flashi zimejaa tamthilia, nina magazeti ya Sani ya utotoni ambayo mke wangu ameshatishia kuyapeleka kwa muuza maandazi. Naweza kukutajia kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa nikiwa nimelala. Niliposoma hadithi ile ya santuri nilifunga kitabu kwanza, nikaenda kunywa maji.

Pekar hana dharau kwa ushabiki wa wenzake, ila anauuliza maswali. Rafiki yake wa kazini, Toby Radloff, aliipenda mno filamu ya Revenge of the Nerds ya 1984, ile ya wanafunzi wanyonge wanaowashinda wababe. Kwenye filamu ya American Splendor ya 2003, Paul Giamatti akiwa Pekar, kuna mabishano yao ambayo bado yananikaa. Toby anaona hatimaye sinema imewatetea watu kama yeye. Pekar anamwambia hapana, wale ni watoto wa chuo, kesho watakuwa na kazi nzuri na nyumba. Wewe ni karani wa hospitali. Ni ukatili, lakini ni uhakiki wa filamu ulio bora kuliko kurasa kumi za magazeti. Swali lake ni rahisi: hii hadithi inayokufurahisha, wewe umo humo ndani, au umeazimwa tu machozi?

Baada ya sifa hizo zote, niseme na yanayonikera.

Kwanza, hadithi nyingine ni nyepesi mno. Pekar aliamini kila dakika ya maisha inafaa, na mara nyingine dakika ni dakika tu. Kuna kurasa ambazo mtu anaamka, anawaza, anaenda kazini, unabaki unageuza karatasi ukitafuta kilichobaki. Anapochorwa na mchoraji asiye na mkono mzuri, upungufu huo unaonekana mara mbili.

Pili, analalamika. Jamani, analalamika! Pesa, wachapishaji, wanawake, baridi, umaarufu usiokuja. Baadhi ya mashabiki wake wanaita huo ukweli. Mimi nasema malalamiko nayo ni pozi kama pozi lingine. Kwenye kipindi cha David Letterman alichoalikwa mara kadhaa miaka ya 1980, watazamaji walimcheka kama kituko, na kwa muda alikubali kuwa kituko. Alichonirudishia heshima ni pale alipochoka, akaanza kuisema hewani kampuni ya General Electric, iliyokuwa inaimiliki televisheni ile ile aliyokaliza. Kesho yake mafaili yalikuwa yanamsubiri.

Tatu, na hili ndilo zito: wenzake wa kazini walimwambia mambo kama mtu anavyomwambia mwenzake kwenye korido, halafu wakayakuta kwenye kitabu. Mwandishi wa habari ana kanuni za hayo, hata kama hatuzifuati vizuri. Pekar kanuni yake ilikuwa moja: najianika mimi kuliko ninavyowaanika nyie. Ni utetezi, ila hautoshi.

Ndiyo maana kitabu ninachokiweka juu ya vyote ni kile ambacho hakukiandika peke yake. Mwaka 1990 aligundulika na saratani ya tezi. Mwaka 1994 yeye na mkewe, Joyce Brabner, wakatoa Our Cancer Year, michoro ya Frank Stack. Ukitazama jina, ni mwaka wa saratani "yetu". Sauti ni mbili. Mume ana hofu, ana kisirani, dawa zinamvuruga mwili na akili. Mke anahangaika na kununua nyumba, na vijana wa amani anaofanya nao kazi wakati vita vya Ghuba vinaanza, na huyu mgonjwa asiyetaka kuambiwa kitu. Na safari hii mtu anayeishi na Pekar ana kalamu mkononi. Anaonekana mchoyo pale alipokuwa mchoyo, na anaonekana mtoto pale alipolia. Michoro ya Stack inakwaruza na kutetemeka kama mkono wa mgonjwa. Nilikisoma usiku mmoja, na sikushawishika tena kwamba maisha ya kawaida ni madogo.

Pekar alifariki Julai 2010. Hakuacha kazi ya hospitali mpaka muda wa kustaafu ulipofika, hata baada ya tuzo ya American Book Award ya 1987, hata baada ya televisheni. Watu humhurumia kwa hilo. Mimi sioni cha kuhurumia. Masijala ilimlipa, na masijala ilimpa watu. Angeiacha 1987 nadhani tungepata vitabu kumi vya mwandishi anayelalamika hoteli.

Nilipomaliza kuvisoma hivi vitabu kwa mara ya pili, nilimpigia simu mzee mmoja aliyefanya kazi na baba. Nikamwamkia, tukaulizana hali, nikamwambia nataka kujua tu baba kazini alikuwaje.

"Baba yako?" akacheka. "Baba yako alikuwa na penseli."

Ikawa hivi. Kwenye mji wetu majina yanajirudia. Ukiita Asha Juma pale dirishani wanasimama watatu. Namba za kadi watu walikuwa wanapoteza. Sasa baba, kinyume na taratibu, alikuwa anaandika kwa penseli kwenye kona ya jalada kitu cha kumtofautisha mtu: "wa kwenye mwembe", "mama yake mfinyanzi", "anacheka". Bosi wake alimkaripia mara mbili. Akaendelea, ila kwa maandishi madogo zaidi.

"Anacheka." Hilo nalo liliandikwa kwenye faili la serikali.

Nilimwuliza mzee kama majalada yale bado yapo. Akasema yalihamishiwa stoo zamani, penseli inafutika, asingetegemea. Nikamwomba basi anitajie anayoyakumbuka yeye. Akasema yako mengi, nije Jumamosi, na nisije na haraka zangu za Dar.

Nimenunua daftari. Kuchora sijui, lakini vijiti naweza.