Xanto si mutu wa kopi-kole

Wandugu, kila mara watu wakiongelea sahani za rangi za Urbino, zile za miaka ya 1500 zenye hadithi za miungu ya Wagiriki na Warumi, wanamsifu Nicola da Urbino, halafu Francesco Xanto Avelli wanamwita mutu wa kukopia tu. Mimi sikubali.

Nicola anastahili sifa. Mwaka 1524 Eleonora, mke wa mtawala wa Urbino, alimwandikia mama yake Isabella d'Este kwamba amemtengenezea vyombo vya udongo. Vimebaki zaidi ya 20, na pale Nicola anaacha nafasi: mlima wa buluu, miti, watu wadogo, hewa. Jicho linapumzika.

Xanto anabana. Anatwaa picha alizochapa Marcantonio Raimondi kutoka michoro ya Raphael, anakata mutu mmoja huku, mwingine kule, anawapanga upya. Hata zile picha za wapenzi uchi, zilizofanya Papa Clement VII amfunge Marcantonio, Xanto alizitumia: anawatenganisha wapenzi, kila mmoja anapewa kazi ingine katika hadithi ingine. Sisi tulioandika TFC tunajua, kopi-kole inaacha maana ileile. Huyu anaigeuza. Tena anapaka rangi juu ya unga mweupe wa bati ambao haujachomwa; unanyonya rangi palepale, hakuna kufuta.

Lawama yangu kwake ni ingine: anasahau kama ile ni sahani. Watu wamejaa mpaka ukingoni, mviringo haumsaidii kitu. Pembeni ya Nicola, anachosha.

Lakini geuza sahani. Nyuma yake anaandika hadithi ni gani, mwaka, na jina lake, wakati wachoraji wengi wa sahani hawakuandika lolote. (Alikuwa pia mshairi, na inaonekana.) Mwaka 1530 wafanyakazi wa udongo wa Urbino waliungana kuomba malipo zaidi, Xanto akiwa kati yao, wenye karakana nao wakapatana wasiwapatie kazi. Mwaka uleule njo sahani zenye jina lake zinaanza kuonekana. Hakuna karatasi inayosema jambo moja lilileta lingine, lakini mimi siwezi tena kuangalia upande wa mbele peke yake. Mukipata picha zake ku intaneti, mutafute na ya nyuma: maandishi ya buluu, yamebanana vilevile kama watu wake.