Kiunga, Kitalu na "Eneo la Wazi"

Atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma huingia Kisesa, wilayani Magu, akiwa bado katika sehemu ambazo magazeti huziita "viunga vya jiji". Neno hilo twalisoma mara kwa mara bila kujiuliza asili yake. Kiunga, kwa maana yake ya kale, ni shamba la miti ya matunda lililo kando ya mji. Leo miti imesahauliwa, umebaki ukingo wa mji tu.

Tunalikumbusha neno hili kwa sababu ya istilahi iliyozoeleka katika tafsiri za mipango miji, yaani "eneo la wazi". Istilahi hiyo haituridhishi. Yataja kisichokuwapo, haitaji kilichopo. Mwananchi anayeambiwa kwamba kiwanja ni cha wazi huelewa, wala hatuwezi kumlaumu, kwamba hakijapata mwenyewe. Haupiti muda msingi wa nyumba ukaanza kuchimbwa. Hatusemi kwamba neno ndilo liletalo uvamizi, kwani tamaa ya ardhi yatosha. Twasema neno hilo halina mpaka ndani yake.

Maneno ya kale yalikuwa nao. Firdausi, ambalo wapenzi wa tenzi hulijua kuwa ni jina la Pepo, lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni neno la kale la Kiirani lenye maana ya mahali palipozungushiwa ukuta. Kitalu nacho, huko pwani, kilikuwa ua wa mawe. Baadaye kikawa mahali pa kuoteshea miche, na sasa kimefika hata porini, katika "kitalu cha uwindaji". Wasomaji wetu wa Usukumani wana ngitili, malisho yafungwayo wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ambayo mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kuyafufua mkoani Shinyanga.

Wako wanaopendekeza "bustani ya starehe". La hasha! Bustani, ambayo katika Kiajemi ilikuwa mahali pa harufu nzuri, kwetu imekwisha kuwa ya mchicha, na starehe imehamia baa. Kitenzi kifaacho tunacho: kubarizi, yaani kukaa mahali peupe kwa mazungumzo na kupunga hewa. (Baraza, jina la chombo chetu hiki, ni ndugu yake.) Tungependa basi kuona "kiunga cha kubarizi" kikijaribiwa katika ramani na katika vibao.

Mwalimu atasema kwamba haya ni maneno ya washairi wa pwani, na mtoto wa Kisesa hayajui. Hoja hiyo ina uzito. Lakini pale pale Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yaliyoasisiwa na Padre David Clement, jina la zana husomwa zana yenyewe ikiwa mbele ya msomaji, na hivyo hata kijana wa mjini hulishika. Kiunga nacho chahitaji miembe michache na ua kabla ya kuhitaji fasili.

Limebaki tatizo la wale waliokwisha kuzoea viunga kwa maana ya kandokando ya mji. Kwa maana hiyo twashauri pambizo, neno ambalo wapiga chapa wanalo tayari na ambalo halitamnyang'anya mtu mti wowote.