Sifa za Wahusika wa Pembeni

Katika ngano za Wakamba za maimu, yale mazimwi yanayotishia watoto kuanzia Mwingi hadi milima ya Mbooni, kuna moja inayostahili kuitwa riwaya ya dola katili. Zimwi limemeza kijiji kizima, watu na mifugo. Amesalia mama mmoja mjamzito, mafichoni. Mwanawe anazaliwa, anakua, anachonga mishale, na mwishowe analiua zimwi. Kidole cha zimwi kinakatwa, na waliomezwa wanatoka wakiwa hai.

Wasikilizaji humshangilia kijana. Mimi humtazama mama. Ni yeye pekee anayejua kwamba hapa palikuwa na kijiji. Mtoto hajaona dunia nyingine, hivyo ukiwa ule kwake ndio maisha. Akiambiwa mapema mno, atalikabili zimwi mikono mitupu. Akicheleweshewa, atakuwa amekwisha kuzoea. Msimulizi hodari huitegesha hadithi yote kwenye siku ambayo mtoto anauliza baba yake yuko wapi, na mama anaamua kujibu. Ushujaa unaanzia kwenye jibu hilo, na aliyelitoa mara nyingi hata jina hana.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alizikusanya ngano za kwao na mwaka 1966 akachapisha Akamba Stories. Miaka mitatu baadaye, katika African Religions and Philosophy, alieleza kwamba mtu huwa mtu kwa kuwapo kwa wenzake. Napenda kuamini kuwa ngano zilikuwa zimemfundisha hilo zamani.

Shaaban Robert aliufikisha ufundi huu wa kumjenga shujaa kupitia watu wa pembeni mbali zaidi katika Kusadikika, mwaka 1951. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na Waziri Majivuno anataka aangamie. Anajitetea kwa nini? Kwa safari za watu wengine. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za kuifaa nchi, wakatupwa gerezani. Kila mjumbe anapita haraka, kurasa chache tu, lakini kila mmoja anamwongezea Karama sauti. Anayesimama barazani mwishoni ni mtu mmoja mwenye ushahidi wa saba.

Miaka miwili kabla ya hapo, George Orwell alikuwa amechapisha Nineteen Eighty-Four, na humo naona kanuni ileile ikitumiwa kinyume. Parsons anashtakiwa na binti yake mdogo, naye anamsifu mtoto kwa uzalendo. O'Brien anajifanya mlezi ili amvunje Winston, mhusika mkuu. Dola imewashika watu wa pembeni, basi mhusika mkuu hana pa kukulia. Amebaki mama mfua nguo anayeimba chini ya dirisha, na kwangu yeye ndiye mtu aliyeandikwa vizuri kuliko wote katika kitabu hicho.

Ndiyo maana huniuma mwanafunzi wa Wote au Kitui anapofundishwa kuandika kwamba mhusika msaidizi "humjenga mhusika mkuu", apate alama, aendelee na swali jingine. Amjenge kwa kitu gani? Alipoteza nini ili akipate? Katika Kusadikika hata deni la mhusika mkuu kwa wasaidizi wake linalipwa: mfalme anapokubali hoja za Karama, wajumbe nao wanafunguliwa.